Nina elfu 80 na nyama uzembe: ninunue vyuma gani vya mazoezi ya nyumbani?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34, urefu wangu sentimita 162, uzito kilo 84. Nimepanga chumba na sebule Mbagala. Nina watoto wawili, wa mwisho ana miezi 14 na bado ananyonya usiku. Kazi yangu ni uwakala wa miamala ya simu, nashinda kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Tangu nijifungue tumbo halijarudi. Kwa miezi miwili nimepiga sitapu 100 kila usiku huku nimejifunga nailoni tumboni, natoka jasho mpaka kanga inalowa, na chakula cha usiku nimeacha. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na chapati mbili, mchana wali au ugali na soda baridi, maana joto la kibandani si mchezo. Zilishuka kilo mbili, zikarudi. Sasa nataka vyuma vya nyumbani kwa sababu gym ni mbali na jioni siwezi kuwaacha watoto. Nina shilingi 80,000. Kariakoo nimeona pea ya kilo 2 za rangi ya waridi kwa 40,000, na seti ya mtumba ya kubadilisha, kilo 20 kwa jumla, kwa 150,000. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anasema atanitengenezea viwili vya kilo 10 kila kimoja kwa 70,000. Rafiki yangu ananiambia nisithubutu, vyuma vitanikomaza niwe na mwili wa kiume. Ninunue nini? Na siku za hedhi niache au niendelee? Natumia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, kama inahusu."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu la mkato maana najua fundi anakusubiri: pea ya kilo 2 iache dukani, vyuma viwili vya kilo 10 usivichukue kama alivyovipanga, na kwa wiki 6 za mwanzo usinunue chochote. Sababu zake ndizo zenye maelezo marefu. Na sindano inahusu, nitaifikia.

Kwanza nikuondolee hisia kwamba umeshindwa. Mtu anayepiga sitapu 100 kila usiku baada ya kushinda kibandani kwa muda wa saa 11, na bado ananyonyesha, huyo si mvivu. Bidii yako imekwenda mahali pasipo na faida, basi.

Tuanze na jasho, kwa kuwa ndilo linalodanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote katika kazi yangu. Jasho ni maji na chumvi kidogo, mwili unayatoa ili upoe. Lita 1 ya jasho ni kilo 1 kwenye mizani, na ukinywa lita 1 ya maji kilo hiyo imerudi kabla hujalala. Zile kilo mbili zako zilizoshuka zikarudi, sehemu kubwa yake ilikuwa hiyo. Sehemu nyingine ni wanga ambao mwili huuhifadhi kwenye misuli na ini: kila gramu 1 ya wanga huo hukaa na takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo ukipunguza chakula ghafla mizani inashuka haraka, ukila vizuri siku mbili inapanda vilevile. Mafuta hayajaguswa bado. Nailoni nayo haiyeyushi kitu. Inalizuia jasho lisikauke, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, ndani ya chumba chenye dirisha moja, hapo unajitafutia kizunguzungu na kuanguka mbele ya watoto. Itupe leo.

Sasa mafuta yenyewe. Yamehifadhiwa ndani ya seli zake chini ya ngozi, na mengine ndani ya tumbo kuzunguka utumbo na ini. Mwili ukihitaji nishati kuliko ile uliyokula, homoni kama adrenalini huziambia seli hizo ziachie mafuta yaingie kwenye damu. Damu inayasambaza mwili mzima, na msuli wowote unaofanya kazi unachota humo. Ukipanda ngazi, misuli ya mapaja inaweza kuwa inachoma mafuta yaliyotoka mkononi au mgongoni. Ukipiga sitapu, misuli ya tumbo haiyatafuni mafuta yaliyolala juu yake, kwa kuwa hakuna mrija unaotoka kwenye kitambi kwenda moja kwa moja kwenye msuli ulio chini yake. Wapi yapungue kwanza na wapi mwisho, hilo linaamuliwa na urithi wako na homoni zako. Kuna wanawake uso unakonda kabla tumbo halijatikisika, na wanakata tamaa wakati kazi inakwenda.

Na yakishachomwa yanakwenda wapi? Wengi hudhani yanatoka kwa jasho au haja kubwa. Mafuta yanaungana na oksijeni, yanabaki maji na hewa ya ukaa. Ukipoteza kilo 10 za mafuta, takriban kilo 8.4 zimetoka kwa pumzi na kilo 1.6 zimetoka kama maji. Yaani ile nyama uzembe inatokea puani. (Usianze kuhema kwa nguvu makusudi; pumzi inabeba tu kile ambacho mwili umekwisha kuchoma.)

Hesabu yake ni hii. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Sitapu 100 hazifiki hata kalori 50. Chapati moja ya kusukuma iliyokaangwa kwa mafuta ina kama 250 na kuendelea. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, ambazo ni kalori kama 150. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Unaona mwenyewe mchezo unachezwa wapi. Ukibadilisha soda ya mchana kwa maji baridi, na asubuhi ukala chapati moja na yai la kuchemsha mahali pa chapati mbili, umepunguza kalori zaidi ya 300 kwa siku bila kulala na njaa. Punguza na sukari kwenye chai. Ongeza mwendo wa nusu saa na unaikaribia kalori 500, na 500 kwa siku ni karibu nusu kilo kwa wiki. Kwako wewe unayenyonyesha, nusu kilo kwa wiki ndiyo kikomo ninachokushauri. Ni kasi ambayo haitaathiri maziwa, na mazoezi yenyewe hayaharibu maziwa hata kidogo, wakikuambia vingine wakuache.

Kuacha chakula cha usiku hakuna uchawi wowote. Mwili hauna saa inayogeuza ugali wa saa mbili usiku kuwa kitambi, unahesabu jumla. Wapo wanaoacha na ikawafaa. Ila mama anayenyonyesha usiku, akalala tumbo tupu, kesho yake saa nne asubuhi atamaliza maandazi ya jirani bila kujijua. Kula, lakini sahani yako ipange upya: nusu yake mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, kunde, samaki, yai au dagaa. Dagaa wakavu usiwadharau kwa sababu ya bei. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na protini ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu na kulinda misuli wakati unapungua.

Neno "kulinda misuli" ndilo linalotupeleka kwenye vyuma. Mwili unapokosa chakula cha kutosha hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Mtu anayepungua kwa njaa tupu anaweza kushuka kilo 10 na akabaki na mwili ule ule uliolegea, ila mdogo zaidi, na mikono isiyo na nguvu. Kunyanyua uzito kunauambia mwili kwamba misuli hii inatumika, isiguswe. Hiyo ndiyo kazi ya vyuma katika safari yako. Kupunguza mafuta ni kazi ya chakula na kutembea.

Hapa nisahihishe na upande wa pili, maana kuna walimu wa mazoezi wanaouza maneno kwamba ukijenga misuli utachoma mafuta hata ukiwa umelala. Ni kweli kidogo sana. Kilo 1 ya msuli ikiwa imetulia huchoma takriban kalori 13 kwa siku, mafuta kama 4 na nusu. Hata ukijenga kilo mbili za msuli, ambayo ni kazi ya miezi mingi, faida ya kulala nazo haifiki robo ya soda. Faida halisi ya msuli iko kwingine: unafyonza sukari kutoka kwenye damu, unaimarisha mifupa, unakuondolea maumivu ya mgongo ya kushinda kwenye kiti.

Rafiki yako muulize hivi: ndoo ya lita 20 unayoibeba kichwani kutoka bombani ni kilo 20, mbona hamjawa na miili ya kiume mtaani kwenu? Homoni inayojenga misuli mikubwa kwa wanaume, testosteroni, kwa mwanamke iko pungufu kwa zaidi ya mara 10. Wale wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona kwenye picha wamefanya kazi ya miaka kwa makusudi, wengine na madawa juu. Wewe utaona mkono unakaza na suruali inalegea kiunoni.

Kabla ya kunyanyua chochote, kuna kipimo kimoja ufanye leo usiku. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage sakafu. Weka vidole viwili vya mkono mmoja juu kidogo ya kitovu, vikiwa vimelala kwa upana. Inua kichwa na mabega polepole kama unayetaka kutazama magoti. Utahisi kingo mbili za misuli zikibana vidole. Rudia usawa wa kitovu na chini yake. Kama nafasi kati ya kingo inazidi vidole viwili, au katikati ya tumbo panavimba na kuinuka kama tuta, misuli yako ya tumbo iliachana wakati wa mimba na haijarudiana. Ni jambo la kawaida sana baada ya kuzaa, lakini linabadilisha mpango: sitapu ziache kabisa, maana zinasukuma viungo vya ndani kuelekea kwenye ule uwazi. Na ndiyo maana wanawake wengine hukonda kote, tumbo likabaki. Si mafuta yanayolitoa nje, ni ukuta uliolegea. Ukihisi kitu kinatokeza kwenye kitovu na kurudi ukikisukuma, hiyo inaweza kuwa ngiri, na ngiri hatuitibu kwa mazoezi, nenda kwa daktari. Hali kadhalika mkojo ukikuchuruzika ukikohoa au ukiruka: usiruke kamba kwanza. Muhimbili na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na mambo haya mawili, tumbo kuachana na mkojo kuchuruzika, ni kazi yetu ya kila siku. Hakuna aibu.

Tumbo likiwa salama, au baada ya kuonwa, anza. Siku tatu kwa wiki zisizofuatana, nusu saa inatosha. Tafuta madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita 5, yenye mpini mzima usio na ufa. Ukiyajaza maji kila moja ni kilo 5. Ukiyajaza mchanga mkavu ni takriban kilo 8, na ukiulowesha mchanga huo unazidi 9. Hapo umekwisha kuipita ile pea ya waridi mara nne bila kutoa senti. Funga kifuniko kwa nguvu na uzungushie gundi ya karatasi, mchanga ukimwagika kwenye vigae utajuta.

Zoezi ninalotaka ulijue vizuri kuliko yote ni la kuinama kwa nyonga, kwa sababu mgongo wako unashinda umekunjwa. Simama miguu ikiwa sawa na upana wa nyonga, dumu moja kila mkono, mbele ya mapaja. Legeza magoti kidogo tu. Sasa sukuma makalio nyuma, kama unafunga mlango kwa makalio mikono ikiwa imebeba mizigo. Kifua kinashuka chenyewe, mgongo unabaki umenyooka, madumu yanateleza karibu na mapaja hadi chini kidogo ya magoti. Utasikia nyuma ya mapaja panavutika. Hapo kanyaga sakafu kwa nguvu, kaza makalio, simama huku ukitoa pumzi. Ukisikia maumivu kiunoni badala ya mapajani, umekunja mgongo. Punguza kina, simama ubavu kwenye kioo ujitazame.

Mengine nitayapita haraka kwa kuwa unayajua bila kujua majina yake. Kuchuchumaa hadi makalio yaguse kiti na kusimama, kwanza mikono mitupu, baadaye umekumbatia dumu kifuani. Pushapu za ukutani, zikizoeleka uhamie kwenye ukingo wa meza imara, baadaye sakafuni. Kuvuta dumu kwa mkono mmoja kuelekea mbavuni, mkono mwingine umeegemea kiti. Kulala chali na kuinua makalio. Mwisho beba madumu yote mawili utembee uani kwenda na kurudi, mabega chini, tumbo umelikaza. Kila moja seti mbili, yaani mizunguko miwili ya marudio yenye mapumziko katikati, wiki ya tatu uongeze ya tatu. Hakuna hata moja linaloruka, kwa hiyo mwenye nyumba na wapangaji wenzako hawatagonga mlango.

Marudio mangapi? Hapa ndipo siri ya uzito ilipo. Msuli hausomi namba iliyoandikwa kwenye chuma, unasoma ugumu. Ukifanya marudio yoyote kati ya 5 na 30, ukasimama ukiwa umebakiza mawili au matatu ambayo ungeyaweza kwa shida, msuli unapata ujumbe ule ule. Uzito mdogo mno ndio unaovuruga: na kilo 2 utainua mara 60, utachoka uvumilivu kabla msuli haujachoka. Mwanao wa miezi 14 ana kilo kama 9 au 10 na unambeba ukipika. Mkono wako ulishaipita kilo 2 zamani.

Basi wiki 6 hizo zina maana mbili. Utajua kama kweli utafanya (vyuma vingi mno vimeishia kuzuia milango isipigwe na upepo), na utajua uzito gani unakufaa kwa zoezi gani. Hapo ndipo utoe pesa.

Tuzipime sasa zile bei zako, na njia ni kugawa bei kwa kilo. Pea ya waridi: 40,000 kwa kilo 4, sawa na 10,000 kwa kilo. Seti ya mtumba: 7,500 kwa kilo. Fundi: 3,500 kwa kilo. Kwa pesa fundi anashinda, ila bei siyo yote.

Seti ya kubadilisha ndiyo bora kwa mwenye nafasi ndogo, sina ubishi, kwa sababu inakua pamoja na wewe: leo kilo 4 mkononi, mwakani 9. Kama unaweza kuungana na shoga yako mkanunua pamoja au ukasubiri miezi michache, ni pesa iliyokwenda vizuri. Lakini mtumba una mitego. Geuza kila sahani, yaani kile chuma cha duara kinachoongezwa au kupunguzwa, uangalie imeandikwa KG (kilo) au LB (ratili). Sahani iliyoandikwa 10 LB ni kilo 4 na nusu, na muuzaji atakuhesabia kilo 10 kwa moyo mweupe kabisa. Isiyoandikwa, iwekwe kwenye mizani mbele yako. Angalia tundu: sahani za nyumbani huwa na tundu la takriban milimita 25 hadi 28, zile za gym kubwa ni milimita 50, na hizo hazikai kwenye vyuma vifupi vya kawaida, zitacheza na kukuangukia mguuni. Zungusha nati za kufungia hadi mwisho. Zikiteleza kwenye hesi, ile mikato ya kuzungushia nati, acha. Kuna zenye ganda la plastiki zilizojazwa saruji ndani. Si mbaya, hazipigi kelele kwenye vigae, ila ni nene kwa uzito ule ule, na ganda likipasuka zinamwaga unga kila ukizigusa.

Fundi wako mimi ningemtumia, kwa oda tofauti. Viwili vya kilo 10 vitakusumbua: kwa miguu vitakuwa vyepesi baada ya miezi kadhaa, kwa mabega ni vizito mno leo. Mwambie akutengenezee kimoja cha kilo 6 na kimoja cha kilo 12. Karibu kila zoezi linaweza kufanywa kwa chuma kimoja, mkono mmoja mmoja au umekishika kwa mikono miwili, kwa hiyo pacha hauhitaji. Jumla ni kilo 18, bei isizidi ile ya kilo 20. Mpini uwe wa bomba au nondo laini, unene ambao vidole vinauzunguka vikagusana na kiganja, na urefu wa mkono wako uliokunja ngumi na nafasi kidogo kila upande. Nondo yenye mikwaruzo ikatae, itakuchuna. Viungo vya kuchomelea apige grenda visiwe na ncha, na ukifika kukichukua kidondoshe mara mbili kwenye mchanga mbele yake. Kikilegea, kibaki kwake.

Ipo njia ya bei chini zaidi, ile ya vijana wa vijiweni: makopo ya rangi na zege. Zege lina takriban kilo 2.4 kwa lita, kwa hiyo kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10. Wanaokosea hukosea mahali pawili. Hawapimi, upande mmoja ukawa mzito kuliko mwingine, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa. Na bomba linaingia kwenye zege likiwa laini tupu, baada ya mwezi linazunguka na kuchomoka. Lazima kipande kifupi cha nondo kichomelewe kimekingama mwisho wa bomba kabla ya kumwaga zege, na zege limwagiliwe maji kwa wiki nzima kabla ya kulitumia. Kwa nyumba yenye mtoto wa miezi 14 anayejishikilia kila kitu, mimi nisingechagua makopo, yanabingirika. Hata vile vya fundi, viweke mahali ambapo mtoto havifikii.

Kutembea usikuache nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wewe ukishuka daladala kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni, na kibandani ukasimama kila mteja anapoondoka, nusu ya deni hilo umelipa bila kutenga muda.

Sindano yako sasa. Ile ya miezi mitatu inahusishwa na kuongezeka uzito kwa baadhi ya wanawake, si wote. Dalili ninayoiangalia ni hii: aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 ya kwanza ya kuanza sindano, mara nyingi huendelea kuongezeka. Kama kadi yako ya kliniki ina uzito wa siku ulipoanza, fanya hesabu. Aliyeanza na kilo 76, asilimia 5 ni kilo 3.8. Ikiwa umepita hapo, zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango kuhusu njia nyingine, mfano kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni. Usiiache kimyakimya ukaja kuniuliza mazoezi ya mjamzito.

Upimaji: mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Chukua na futi ya fundi cherehani, pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kulivuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, na kikizidi 88 imepanda sana. Mara nyingi futi itashuka wiki ambayo mizani imegoma, iamini futi.

Kwa urefu na uzito wako, kabla ya kuanza pita kituo cha afya upime presha na sukari, ni dakika chache. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yanasubiri hadi daktari aishushe. Ukiwa mazoezini ukasikia kifua kinabana, pumzi inakata kuliko kazi unayoifanya, moyo unaruka ovyo au unataka kuzimia, acha hapo hapo uende hospitali, usisubiri kesho. Goti au kiuno kikiuma zaidi ya wiki mbili licha ya kupunguza uzito wa dumu, njoo tukuone. Na ukikaa miezi mitatu ukila na kufanya kama tulivyosema bila futi wala mizani kusogea, hasa kama una uchovu usioisha na unasikia baridi wakati wenzako wanalalamika joto, omba wakupime na tezi ya shingoni. Dawa na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni usiziguse ukiwa unanyonyesha. Nyingi ya chai hizo ni dawa ya kuharisha, na kwenye baadhi ya vidonge imewahi kukutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu.

Hedhi: endelea. Siku ya kwanza tumbo likikata, beba dumu la maji badala ya la mchanga, au tembea tu. Wengi maumivu yanapungua wakishapata joto la mwili. Ila damu ikiwa nyingi kiasi cha kubadilisha pedi kila saa, hilo si suala la mazoezi tena, kapime wingi wa damu.